Taa Inashuka, Stendi Inainama: Utatuzi wa Matatizo ya Bumu la Taa za Picha

Siku moja nilikuwa nikipiga picha za sahani ya pilau kwa ajili ya menyu ya mgahawa, taa ikiwa juu ya meza kwenye mkono wa bumu, yaani ufito mrefu unaolazwa juu ya nguzo ya stendi ili taa ikae mbali na nguzo hiyo. Jioni nilipozifungua picha zile kwenye kompyuta, niliona kwamba kivuli cha bakuli la kachumbari kilikuwa kimehama. Katika picha za mwanzo kiliishia kwenye ukingo wa sahani. Katika picha za mwisho kilikuwa kimeuvuka ukingo huo na kuufikia uma. Hakuna aliyeigusa taa. Mkono wa bumu ulikuwa umeshuka wenyewe, taratibu na bila sauti, kiasi cha upana wa vidole vitatu ndani ya saa moja. Chini yake siku hiyo palikuwa na sahani. Siku iliyotangulia, mahali pale pale, alikuwa ameketi bibi harusi.

Tangu hapo nimekuwa nikiamini kwamba bumu ndicho kifaa cha studio kinachostahili uangalifu mkubwa kuliko kamera yenyewe. Wengi wetu tunapokwenda kununua tunamuuliza muuzaji swali moja tu: inabeba kilo ngapi? Swali hilo halitoshi, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi la stendi kwa kawaida inahusu mzigo uliosimama wima juu ya nguzo. Bumu huutoa mzigo huo nje ya nguzo na kuuning'iniza hewani, na hapo kinachoamua si kilo peke yake, bali kilo pamoja na umbali. Karibu kila dalili ninayoieleza hapa chini, ukiifuatilia hadi kwenye mzizi wake, inarudi kwenye jambo hilo.

Kabla ya kukaza chochote, piga hesabu

Kanuni inayohusika ni ile ya wenzo tuliyoisoma katika fizikia ya sekondari: nguvu ya kuinamisha ni uzito ukizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo, ambalo hapa ni pale mkono unapokaa juu ya nguzo. Tuchukue fleshi ya studio pamoja na softboksi yake (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga), jumla kilo 4, ikiwa imefungwa mita 1.2 kutoka kwenye nguzo. Zidisha, unapata 4.8. Mkono wenyewe nao una uzito. Ukiwa na urefu wa mita 1.8 na uzito wa kilo 1.5, kitovu chake cha uzito kipo sentimita 30 mbele ya nguzo, kwa hiyo unaongeza 0.45, na jumla inakuwa 5.25. Upande wa nyuma umebakiwa na sentimita 60 tu. Ili pande mbili zilingane, gawanya 5.25 kwa 0.6, nawe utapata karibu kilo 9 za uzito wa kusawazisha.

Kilo 9 si kitu kidogo. Lita moja ya mchanga mkavu ina takriban kilo 1.6, kwa hiyo unahitaji mfuko unaochukua lita tano na nusu za mchanga. Vifuko vyembamba vinavyouzwa pamoja na bumu za bei nafuu mara nyingi havifiki hapo, na hata vikifika, mshono wake haukukusudiwa kubeba kiasi hicho. Ukitaka kitu cha kudumu, nenda kwa mafundi wa vyuma, wawe wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa jua kali Kamukunji jijini Nairobi, ukakatiwe kipande cha chuma cha mviringo. Kipande chenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 10 kina zaidi kidogo ya kilo 6, na fundi anaweza kukitoboa na kukiwekea ndoano.

Sasa jumlisha kila kinachokaa juu ya nguzo: kilo 4 za taa, kilo 1.5 za mkono, kilo 9 za kusawazisha. Ni kilo 14.5. Mpiga picha aliyenunua stendi ya kilo 8 akijua kwamba taa yake ni ya kilo 4 alidhani amejipa nafasi maradufu, kumbe ameizidishia stendi yake mzigo tangu siku ya kwanza. Hesabu hii ndiyo ya kuifanya kabla ya kutoa fedha, na inahitaji utepe wa kupimia na mizani ya jikoni tu.

Stendi nzima inainama au inaanguka

Ikiwa stendi inainama upande wa taa na nguzo yake imenyooka, chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni mwelekeo wa miguu. Stendi ya miguu mitatu haina uimara ulio sawa kila upande. Ncha za miguu zikiwa nusu mita kutoka katikati, stendi inayovutwa kuelekea kwenye mguu ina nusu mita kamili ya kujitetea. Ikivutwa kuelekea kwenye uwazi ulio kati ya miguu miwili, ina sentimita 25 tu, kwa sababu mstari unaounganisha ncha mbili hizo unapita karibu zaidi na nguzo. Ndiyo maana wazoefu huweka mguu mmoja chini ya taa, sambamba na mkono wa bumu.

Tofauti yake si ya nadharia. Chukua taa ile ile ya kilo 4 kwenye mita 1.2, bila uzito wa kusawazisha, juu ya stendi yenye kilo 3, na tuuache kando uzito wa mkono. Mguu ukiwa chini ya taa, unahitaji karibu kilo 3 za mchanga kwenye shina la stendi ili isianguke. Taa ikiwa juu ya uwazi kati ya miguu miwili, unahitaji zaidi ya kilo 12. Hicho ni kiwango cha chini kabisa cha kuizuia isianguke ikiwa imetulia. Mtoto akipita na kuugusa waya, hesabu inabadilika. Mimi huzidisha kwa mbili, nami husawazisha mkono pia.

Chanzo cha pili ni miguu isiyofunguliwa hadi mwisho. Katika chumba kidogo mtu hushawishika kuikunja miguu ili ipite kando ya sofa au pazia la nyuma, na kila sentimita anayoipunguza anaipunguza kwenye uimara. Kama nafasi haipo, tafuta stendi ya chuma ambayo miguu yake imepishana kimo na ina mguu mmoja wa kuteleza juu na chini, ile ambayo watu wa filamu huiita stendi ya C. Miguu yake huingia chini ya meza, na stendi mbili au tatu zinaweza kusimama zikiwa zimebanana. Mguu wake wa juu zaidi ndio uelekezwe kwenye mzigo, na mfuko wa mchanga uvikwe kwenye mguu huo huo.

Kuhusu mifuko ya mchanga kuna kosa moja ambalo nimeliona katika studio nyingi. Mfuko umewekwa juu ya mguu, lakini sehemu kubwa yake imelala sakafuni. Mchanga ulioegemea sakafu hauisaidii stendi hata kidogo, kwa sababu uzito wake unabebwa na sakafu. Mfuko unapaswa kuning'inia, mashavu yake mawili yakiwa hewani pande zote za mguu, ili kila kilo iivute stendi chini.

Magurudumu nayo yana sehemu yake. Ni raha kuyatumia katika studio yenye sakafu ya vigae iliyonyooka, mradi breki zote zifungwe kila unaposimama na bumu lishushwe kabla ya kuisukuma stendi. Gurudumu moja likiachwa wazi, bumu huanza kuzunguka kwa kuvutwa na waya wa umeme. Kwa kazi za kumbini na majumbani, ambako sakafu ina zulia, ngazi na vizingiti, ningeyaondoa.

Mkono unashuka au unazunguka polepole

Hii ndiyo dalili iliyonisumbua kwenye pilau, na ndiyo inayofasiriwa vibaya kuliko zote. Mtu akiona mkono unashuka, anakaza. Ukishuka tena, anakaza zaidi, kisha anachukua koleo. Baada ya miezi michache hesi za skrubu (mifuo yake ya kuzungushia) zimeliwa, kichwa cha kubania kinachoushika mkono kwenye nguzo kimepasuka, naye anaamini kwamba aliuziwa kifaa kibovu. Huenda ni kweli, lakini kuna mpangilio wa kuchunguza kabla ya kufikia uamuzi huo.

Anza na usawa wa mkono wa bumu. Mwombe mtu aishike taa, kisha legeza skrubu ya egemeo kidogo kidogo. Mkono uliosawazishwa vyema hubaki ulipo hata skrubu ikiwa imelegea, au huelea taratibu upande mmoja unapousukuma kwa kidole. Kama taa inazama mara moja, skrubu yako ilikuwa inafanya kazi ya uzito wa kusawazisha, kazi ambayo haikuumbiwa. Skrubu ipo ili kuzuia mkono usiyumbe, si kuubeba. Ongeza uzito nyuma, au usogeze mkono nyuma ili umbali wa taa kutoka kwenye nguzo upungue, kisha ujaribu tena.

Kisha tazama upande ambao mzigo umekaa. Katika vichwa vya kubania vinavyokazwa kwa skrubu moja kubwa ya mkono, ambavyo ndivyo vinavyokuja na stendi ya C, simama ukiitazama skrubu hiyo. Taa inapaswa kuwa upande wako wa kulia. Ikiwa kulia, uzito wake unavuta kuelekea kule kule skrubu inakokazwa, na kila inapojaribu kushuka inazidi kujibana. Ikiwa kushoto, uzito ule ule unaifungua skrubu, polepole, kwa saa nzima, bila mtu kutambua. Taa yangu ya siku ile ilikuwa kushoto. Niligeuza kichwa cha kubania, nikaurudisha mkono mahali pale pale juu ya meza, na haukushuka tena, ingawa sikuongeza hata robo mzunguko wa kukaza.

Kama mkono umesawazishwa na upande ni sahihi, fungua kichwa chenyewe. Ndani yake kuna sahani za chuma zinazosuguana, na msuguano huo ndio unaoshikilia kila kitu. Wapo wanaopaka grisi wakidhani wanakitunza kifaa. Grisi ni ya hesi za skrubu tu, tena kidogo sana. Ikifika kwenye sahani, kichwa hakitashika tena mpaka kisafishwe. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, acha ikauke, rudisha. Katika bumu za bei ya chini, mahali pa sahani za chuma pana meno ya plastiki yanayoshikamana. Meno hayo hayana hatua ndogo kati ya jino na jino, kwa hiyo mtu huukaza mkono ukiwa katikati ya meno mawili, ncha zikiwa zimepandana badala ya kuingiliana, na baada ya dakika kadhaa zinateleza kwa kishindo. Ukiona vumbi jeupe au jeusi la plastiki kwenye maungio, meno yameanza kulika, na hakuna matengenezo ya kuaminika hapo.

Mkono umetulia, lakini taa yenyewe inainamisha uso

Hapa tatizo limehamia kwenye ncha. Softboksi yenye kina cha nusu mita ina uzito wake mbele ya fleshi, ilhali kishikio cha fleshi kipo chini au nyuma, hivyo kishikio kinakuwa egemeo la wenzo mwingine mdogo. Softboksi za kina kirefu zenye umbo la mwavuli ndizo zinazosumbua zaidi. Dawa iliyo bora ni kutumia pete ya softboksi yenye kishikio chake chenyewe, ili stendi ishike pete, karibu na kitovu cha uzito, na fleshi iwe nyuma ikisaidia kusawazisha.

Chunguza pia maungio ya kipenyo. Taa nyingi za studio hukaa juu ya pini ya inchi 5/8, yaani takriban milimita 16, na pini iliyotengenezwa vyema ina mfuo unaoizunguka ambamo ncha ya skrubu huingia. Skrubu ikikazwa juu ya mfuo huo, taa haiwezi kuchomoka hata ikilegea kidogo. Pini laini isiyo na mfuo haina kinga hiyo, na taa inayoning'inia kichwa chini juu ya mtu haifai kutegemea pini ya namna hiyo. Hesi ya inchi 1/4, ile ya chini ya kamera, iachiwe taa ndogo. Kwa fleshi yenye softboksi tumia hesi ya inchi 3/8 au pini kamili.

Jambo hili silifanyii mjadala: taa yoyote iliyo juu ya mtu iwe na waya wa usalama wa chuma unaopita kwenye mwili wa taa na kuzunguka mkono wa bumu.

Nguzo inateremka yenyewe

Nguzo ya stendi ina pingili, kama muwa, na kila pingili hushikiliwa na shingo yenye skrubu. Ikiteremka pamoja na mzigo, mara nyingi ni kwamba kipande cha plastiki kilicho ndani ya shingo kimelika, au bomba limepoteza mviringo wake kwa kukazwa kupita kiasi. Vuta pingili nje, uizungushe kwa vidole chini ya mwanga, nawe utaona mstari uliobonyea pale skrubu ilipokuwa ikikandamiza. Bomba la namna hiyo halirudi kuwa la mviringo. Usimpelekee fundi wa kuchomelea kama ni la alumini, kwa sababu joto la kuchomelea huidhoofisha alumini kando ya mshono, nalo litavunjika hapo.

Stendi zenye hewa ndani ya nguzo huzuia taa isianguke kwa kishindo skrubu inapofunguliwa kwa bahati mbaya, nami nazipenda kwa sababu hiyo. Lakini hewa hiyo haibebi mzigo. Inachelewesha tu.

Kila kitu kimekazwa, lakini taa inatetemeka

Mkono mrefu hupinda, na kupinda kwake hakuongezeki kwa hatua ndogo. Kwa bomba lile lile na mzigo ule ule, ukiurefusha mkono mara mbili, kupinda huongezeka mara 8. Kwa upande wa pili, bomba la milimita 30 lina ukakamavu wa zaidi ya mara tatu ya bomba la milimita 20 lenye unene ule ule wa ukuta. Kwa hiyo unapochagua kati ya bumu refu jembamba na bumu fupi nene, chukua lile fupi nene, kisha isogeze stendi karibu. Pingili chache pia ni bora kuliko nyingi, kwa kuwa kila ungio huongeza kulegea kidogo. Bumu linalokunjika hadi kuingia kwenye begi dogo limelipa gharama ya udogo huo mahali fulani.

Kazi za nje: upepo, mchanga na chumvi

Softboksi ni tanga. Upepo wa mita 8 kwa sekunde, ambao kwa watu wa pwani wakati wa kusi ni upepo wa kawaida wa alasiri, husukuma softboksi ya sentimita 90 kwa 90 kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4. Ikiwa kwenye kimo cha mita 2, juu ya stendi yenye miguu ya nusu mita, unahitaji uzito wa jumla wa zaidi ya kilo 30 ili isianguke kupitia uwazi wa miguu. Upepo ukizidi maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Kwenye picha za harusi ufukweni mimi silitumii bumu kabisa. Namkabidhi msaidizi taa kwenye fito, kwa kuwa mtu huhisi upepo unaanza na kujirekebisha, na akishindwa huishusha chini.

Ikiwa ni lazima kusimamisha stendi mchangani, weka vipande vya mbao chini ya kila mguu, la sivyo mguu ulio chini ya taa utazama kuliko mingine na stendi itainama yenyewe. Baada ya kazi, fungua pingili zote na uzifute kwa kitambaa chenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kisha kikavu. Punje za mchanga zilizobaki ndani ya shingo hukwaruza bomba kila unapolipandisha, na chumvi hupenya chini ya kromu ya stendi za chuma hadi kutu ikaibandua.

Ukifika dukani

Nenda na madumu mawili matupu, moja la lita 5 na moja la lita 10. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo una mizani popote palipo na bomba la maji. Mwombe muuzaji akuruhusu kufunga bumu na stendi pamoja. Anayekataa amekwisha kukujibu. Weka lita 4 kwenye dumu dogo na ulining'inize mita 1.2 mbele ya nguzo, kisha ongeza maji kwenye dumu kubwa lililo nyuma mpaka mkono utulie skrubu ikiwa imelegea. Kaza kwa mkono mmoja, bila koleo. Sasa mimina lita moja zaidi kwenye dumu la mbele, ili kuuharibu usawa kwa makusudi, weka alama ya penseli kwenye rafu au ukutani panapolingana na ncha ya mkono, na usubiri dakika 15. Wakati unasubiri, sukuma nguzo kwa kiganja na uhesabu inachukua muda gani kutulia, pitisha kidole ndani ya kila shingo kutafuta plastiki, na uangalie kama pini ina mfuo. Dakika zikitimia, rudi kwenye alama. Kama ncha ya mkono imeshuka chini ya mstari wa penseli, hata kwa unene wa kucha, mrudishie muuzaji mkono huo.